Kamba, dumu, mpira na saruji: vifaa vya mazoezi vya Kigoma kwa mwenye dakika 20

Mwenye duka pale Mwanga, mjini Kigoma, anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni hana saa nzima ya kupoteza kwenye mazoezi. Dakika 20, mara tatu kwa wiki, anazo. Tathmini hii ni ya vifaa ambavyo mtu wa namna hiyo anavipata Kigoma bila kuagiza Dar es Salaam, na kipimo cha kwanza si bei wala uzuri, ni muda: tangu anyooshe mkono kukichukua mpaka aanze kuhema, zimepita dakika ngapi? Kifaa kinachokula dakika tano za kufunga, kupuliza na kusogeza meza kimeshakula robo ya mazoezi. Wiki ya tatu kitakuwa chini ya kitanda.

Matokeo kwa kifupi, kwa wasio na subira: kamba ya kuruka na madumu mawili ya lita 10 yanashinda kwa mbali. Mpira wa kuvuta ni wa tatu, na una masharti. Vyuma vya saruji ni vizuri lakini si vya kuanzia.

Kabla ya vifaa, neno moja kuhusu saa, kwa sababu ushauri mwingi wa mazoezi tunaousikia redioni na kwenye simu umetungwa na watu wa Pwani. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi ila inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, hivyo jua linachelewa kwetu kwa takriban dakika 40. Miezi mingi ya mwaka linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Ukiambiwa uamke saa kumi na moja na nusu ukakimbie, jua kwamba hapa hiyo ni saa ya giza totoro, ya mbwa na mashimo ya barabarani. Faida yetu iko jioni: mwanga unafika karibu saa moja usiku. Anayefunga kazi saa kumi na mbili bado ana karibu saa nzima ya kuona anachokanyaga. Kwa hiyo anayefanya alfajiri afanyie barazani penye taa, na anayependa uwanja apange jioni.

Tuanze na kamba, kwa kuwa ndiyo inayochukua muda mfupi kuliko vyote: nusu dakika, na wewe unaruka.

Madukani kuna aina tatu. Ya kwanza ni ya nailoni iliyosukwa, yenye mikono ya mbao. Ni nyepesi mno. Alasiri upepo wa ziwa ukianza kupanda, inapeperuka juu ya kichwa na kukurudia usoni kabla hujaruka. Mtu anadhani hajui kuruka kumbe kosa ni la kamba. Ya pili ni waya mwembamba uliovikwa plastiki, yenye beringi kwenye mikono. Inazunguka kwa kasi nzuri, lakini imetengenezwa kwa sakafu laini. Kwenye saruji yetu yenye chengachenga ile plastiki inaisha katikati ndani ya wiki chache, waya unachungulia, na waya huo ukikugonga kwenye ugoko hutausahau. Ya tatu, ambayo ndiyo ya kununua, ni ya plastiki laini nzito, unene wa milimita 5 hivi, mikono ya plastiki, haina madoido yoyote. Uzito wake unafanya mzunguko usikike mikononi, na ndivyo anayeanza anavyojifunza wakati wa kuruka.

Kasoro yake ni mbili, na zote zina dawa. Ikitoka kwenye mfuko inakuwa imejikunja kama chemchemi na inakataa kunyooka. Itumbukize kwenye maji ya moto kwa dakika moja, ivute, kisha itundike mahali ikiwa na kitu kizito chini mpaka ipoe. Kasoro ya pili ni kuchakaa pale katikati inapogusa chini. Kabla ya kuanza kuitumia, toa kishikio kimoja, pitisha kipande cha mrija wa plastiki cha sentimita 15, kisogeze hadi katikati na ukibane kwa utepe wa gundi wa mafundi umeme pande zote mbili. Mrija utaisha badala ya kamba, nao unabadilishwa.

Urefu ndio unaoharibu watu wengi. Kamba nyingi zinauzwa zikiwa na mita 2.8 hadi 3, mtu anaitumia hivyohivyo, na ziada yote inajibwaga mbele ya vidole. Kanyaga katikati ya kamba kwa mguu mmoja, vuta vishikio vyote viwili juu: ncha za vishikio zifike kwapani, zisipite. Mtu wa sentimita 170 kwa kawaida anatosheka na mita 2.6 hivi. Usikate haraka. Piga fundo ndani ya kishikio kwanza, ruka siku mbili tatu, halafu ndipo ukate.

Na uwanja wa kurukia? Mchanga wa ufukweni unapendeza machoni lakini haufai: kamba inakwama, kifundo cha mguu kinayumba. Saruji tupu ni ngumu kwa ugoko wa anayeanza. Udongo mwekundu ulioshindiliwa, kama ule wa nyua nyingi za Gungu na Ujiji, ndio bora kuliko vyote wakati wa kiangazi. Unyunyizie maji kidogo kuzuia vumbi. Masika, ambayo kwetu yanashika kuanzia kama Oktoba mpaka karibu na Mei, udongo huohuo ni utelezi mtupu, hamia barazani juu ya kipande cha plaiwudi au mkeka mnene usioteleza. Ukiwa barazani angalia juu: kamba inapita kama sentimita 30 juu ya kichwa, na taa nyingi za baraza zimefungwa papo hapo.

Mbinu yenyewe: viwiko karibu na mbavu, kamba inazungushwa na vifundo vya mikono, si mabega. Miguu inanyanyuka sentimita mbili au tatu tu, vya kutosha kamba ipite. Anayeruka juu kama anachuma embe ndiye anayelalamika magoti siku ya nne. Tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yamelegea kidogo. Sikiliza sauti: ukitua kwa kishindo, umeruka juu mno au umechoka. Vaa raba, kandambili ni mwaliko wa kuanguka, ingawa ukizunguka mitaani utaona nusu ya warukaji wamezivaa.

Mwenye uzito mkubwa sana, mwenye magoti mabovu, mjamzito, au mwenye presha isiyotulia asianze na kamba. Atembee. Barabara ya Lumumba inayopanda kutoka stesheni kuelekea Mwanga ni kifaa cha bure na kinatosha: ukiipanda kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, hayo tayari ni mazoezi ya wastani. Tembea ukitazama magari na pikipiki zinazokuja, maana bodaboda zinazoteremka hapo hazina huruma. Na mwenye presha au sukari apite kwanza kituo cha afya apimwe kabla ya kuanza chochote kinachomfanya ahemee juu.

Sasa dumu. Hiki hakiuzwi kama kifaa cha mazoezi, na labda ndiyo sababu hakipewi heshima yake. Kigoma ni mkoa wa mawese. Madumu yaliyotoka kwenye biashara hiyo yamejaa sokoni, na kila nyumba ina dumu la maji limesimama jikoni. Muda wa maandalizi ni sifuri, kwa sababu limeshajaa.

Uzuri wake mkubwa ni hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 10 lililojaa ni kilo 10 na uzito kidogo wa plastiki juu yake. Vyuma vya dukani vinakurusha kutoka kilo 5 hadi 7.5 au 10 kwa mruko mmoja, na mwili wa anayeanza hauendi kwa miruko. Dumu unaliongeza kwa chupa ya nusu lita: wiki hii kilo 6, wiki ijayo 6 na nusu. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachotoa hatua ndogo namna hiyo.

Nunua mawili ya lita 10, si moja la 20. Mawili yanakaa moja kila mkono, mgongo unabaki katikati. Dumu moja la lita 20 lina kishikio kifupi kinachoingia mkono mmoja tu. Ukilazimisha miwili, vidole vinapandana na mwili unapinda. Lita 20 liache kwa ajili ya kubeba: dakika moja kulia, dakika moja kushoto, bega lisidondoke.

Yanayoharibika: kwanza, mafuta. Dumu la mawese lisilooshwa vizuri lina utando unaoteleza, na utando huo unaganda asubuhi ya baridi kiasi kwamba mtu anadhani limekauka. Mkono ukitoka jasho, linachomoka. Lioshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na majivu, kishikio usugue kwa brashi, kisha ukizungushie kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Kitambaa hicho pia kinaokoa kiganja, maana mshono wa plastiki ulioko chini ya kishikio unakata. Pili, kifuniko. Vingi vinavuja dumu likilala. Weka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga. Tatu, maji ya dumu lisilojaa yanacheza huku na huko. Kwa kubeba na kuinua hilo si baya, misuli ya tumbo inafanya kazi zaidi. Kwa kusukuma juu ya kichwa ni hatari. Hapo tumia dumu dogo la lita 5 lenye mchanga mkavu: lita moja ya mchanga mkavu ina kilo 1.5 hadi 1.6, hivyo dumu hilo likijaa linakaribia kilo 8 na halitikisiki.

Kasoro ya nne ni ya kifamilia. Dumu ulilolipima jana kwa kilo 10, leo limepikiwa ugali limebaki na sita. Tenga ya mazoezi, yaandike kwa maka, na mwambie aliyeko jikoni.

Namna ya kuvitumia viwili hivi ndani ya dakika 20: dakika nane za kamba, dakika kumi za madumu, mbili za kutembea taratibu na kunyoosha misuli. Dakika mbili za mwanzo za kamba ni za kupasha mwili, ruka polepole bila kujali umekwama mara ngapi. Wiki mbili za kwanza kila dakika ina sekunde 20 za kuruka na 40 za kutembea papo hapo. Wiki ya tatu na ya nne, 30 kwa 30. Ya tano na ya sita, 40 kwa 20. Ukishindwa hatua moja, rudia wiki hiyo, hakuna anayekukimbiza.

Kwenye madumu kuna mambo manne, yanazungushwa mara tatu. Kuinua kutoka chini mara 10: dumu moja kila upande wa mguu, nyonga zinarudi nyuma kama unafunga mlango kwa makalio, mgongo umenyooka, ndipo unasimama. Kuvuta dumu moja hadi mbavuni huku mkono wa pili umeegemea kiti, mara 10 kila upande. Pushapu mara 8, ila si sakafuni: weka mikono kwenye ukingo wa baraza au meza imara, na kadiri wiki zinavyokwenda tafuta ukingo ulio chini zaidi. Mwisho, kuchuchumaa na kuinuka mara 10 umekumbatia dumu la lita 5 kifuani. Mzunguko mmoja unachukua kama dakika tatu pamoja na kuvuta pumzi. Uzito sahihi ni ule unaokuacha na marudio mawili ambayo ungeweza kuyafanya lakini hukuyafanya. Ukiweza mizunguko yote mitatu bila kusita, ongeza nusu lita.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, au siku zozote tatu zisizofuatana. Maumivu ya misuli hufika kileleni siku ya pili, na ndiyo maana wanaoanza kwa siku sita mfululizo wanaacha Alhamisi. Maumivu hayo ni ya misuli yote na yanapungua ukipasha mwili. Yakiwa ya nukta moja kwenye ugoko, au ndani ya kiungo, na yanaongezeka unavyoruka, weka kamba kando kwa wiki moja na utembee.

Je, dakika 20 zinatosha? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mwongozo huohuo uliondoa sharti la zamani la kwamba kila kipande kifike dakika kumi, kwa hiyo vipande vidogo vinahesabika. Madumu yanamaliza deni la misuli. Kamba inakupa dakika 24 za nguvu ukishafika hatua ya mwisho, na kila moja inahesabika kama mbili za wastani: 48. Ukishuka kwenye bajaji mapema ukatembea kwa haraka dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku tano, una 100. Jumla 148. Dakika mbili zilizobaki utazipata siku utakayosahau ufunguo dukani ukarudi mbio.

Jimu haijatajwa mpaka sasa kwa makusudi. Kwa mtu wa Ujiji anayelazimika kupanda chombo mpaka mjini na kurudi, njia peke yake inazidi dakika 20. Nzuri ya Jumamosi.

Mpira wa kuvuta, sasa. Seti ya mirija yenye vishikio na kulabu inapatikana, hata ile ya utepe wa duara. Mpira ukiwa mzima unafanya kitu ambacho dumu haliwezi: kuvuta kutoka juu au kutoka mbele, mazoezi ya mgongo wa juu na mabega, ambayo mtu anayekaa kwenye kiti cha duka siku nzima anayahitaji kuliko pushapu. Tatizo ni jua na joto. Mpira unaozeshwa na jua, na maduka yetu yana tabia ya kutundika bidhaa nje mlangoni. Usinunue ule uliotundikwa. Omba wa ndani, kwenye boksi. Uvute mpaka mara mbili ya urefu wake na uutazame dhidi ya mwanga: mistari myeupe, vitundu, au kunata vidoleni ni dalili kwamba umeshakufa. Angalia zaidi pale mrija unapoingia kwenye kulabu, ndipo unapokatikia, na ukikatika unarudi usoni. Rangi zisikudanganye, nyekundu ya mtengenezaji mmoja ni laini kuliko njano ya mwingine.

Kuufunga ndiko kunakokula muda, dakika mbili au tatu. Kile kishikio cha mlangoni kinachokuja na seti kimebuniwa kwa mlango unaofunga vizuri. Ukikitumia, simama upande ambao ukivuta unazidi kuufunga mlango, si kuufungua. Nondo za dirisha ni imara zaidi, ila pembe zake zinakata mpira, zifunge kitambaa kwanza. Ukimaliza utoe, usiuache dirishani ukiota jua.

Mbadala wa bei ya chini ni tyubu ya baiskeli kutoka kwa fundi. Ya ringi ya inchi 28 ukikata pale penye valvu unapata utepe wa mita mbili na kidogo. Ioshe, maana ndani ina unga unaochafua nguo. Haivutiki kama mpira wa dukani, ni ngumu mapema, lakini inavumilia jua na joto zaidi. Kataa yenye viraka, hukatika kandokando ya kiraka.

Vyuma vya saruji vinatengenezwa na mafundi kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi, bomba katikati. Hesabu kabla ya kuagiza: zege lina karibu kilo 2.4 kwa lita. Makopo mawili ya lita 4 na bomba yanakupa chuma cha kilo 20 hivi, na hapo ndipo vijana wanapovunjia mabega. Kwa anayeanza makopo ya lita moja yanatosha, chuma kinatoka na kilo 5 na nusu au sita. Bomba liwe la inchi moja. La inchi mbili kiganja hakizunguki. Mwambie fundi achomelee vipande viwili vya nondo kwa msalaba kila mwisho wa bomba kabla ya kumwaga, la sivyo bomba litazunguka ndani ya zege baada ya mwezi. Mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu unafaa. Kopo la kwanza likimwagwa, bomba lisimamishwe kwa timazi, siku ya pili ndipo ligeuzwe kumwaga la pili. Kisha zifunikwe na kumwagiwa maji kila siku kwa siku saba. Fundi anayekukabidhi keshokutwa anakuuzia nyufa.

Siku ya kuchukua, usilipe palepale. Vibebe vyote viwili mpaka kwa muuza dagaa mwenye mizani. Makopo hayajazwi sawasawa, na tofauti ya nusu kilo kati ya mkono wa kulia na wa kushoto ni jambo la kawaida. Ikiwa ni hiyo, andika uzito halisi kwa rangi ubavuni na uwe unabadilisha mikono kila mzunguko. Ikizidi kilo moja, rudisha.